Kocha wa Akili wa Nabin Bandhu

Alhamisi, 4 Januari

Nimeamua. Nitapata kazi kwenye kriketi.

Nimeamua asubuhi hii nikiota jua juu ya paa, kofia ya sufu imenifunika masikio na kidevu. Baridi ya Kolkata mwaka huu haina adabu. Akili yangu hufanya kazi vizuri kichwa kikiwa na joto.

Duka la sari nilimokuwa nikiuza limefungwa tangu Oktoba. Si kosa langu. Sasa baba mkwe, Mzee Nirmalendu Shome, anataka kunichukua kwenye duka lake la miavuli kule Shyambazar. Jana alikuja kula mchana. Alimaliza kichwa cha samaki, akanyonya mifupa, akanawa, ndipo akasema meza ya kukarabati miavuli inanisubiri. Miavuli. Januari. Nilimkumbusha kwamba mji huu hautaona mvua ya maana hadi Juni. Akasema ndiyo maana Januari ni mwezi mzuri wa kujifunza.

Shefali, mke wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi. Amezoea kuwapa watu muda wa kumaliza kazi. Mimi amenipa hadi Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Kazi yoyote, amesema, mradi iwe na saa ya kuingia na saa ya kutoka. La sivyo, miavuli.

Muda mwingi mno. Nitabaki na siku za kupumzika.

Kwa nini kriketi? Kwa sababu katika nchi hii kriketi inalisha watu wa kila aina. Wanaocheza, wanaoamua, wanaotangaza, wanaokata nyasi, wanaouza karanga. Hawawezi kukosa nafasi ya mtu mmoja mwenye akili. Ni kweli sijacheza tangu darasa la saba, mpira uliponing'oa jino. Lakini nimeitazama kriketi maisha yangu yote. Daktari wa moyo naye hajawahi kuwa moyo.

Ijumaa, 5 Januari

Nimeanzia Nabin Bandhu, klabu ya daraja la pili. Nimeichagua makusudi. Klabu kubwa zina wataalamu tayari. Hawa wamefungwa mechi zote tangu Novemba. Mgonjwa mahututi habagui waganga.

Hema lao liko Maidani, ule uwanja mkubwa wa wazi katikati ya mji, nyuma ya mstari wa miti, rangi ya kijani iliyokata tamaa. Nilimkuta katibu, Mzee Kashinath Guha, akila supu ya kuku na mkate wa kuchoma. Ana uso wa mtu anayesubiri treni iliyokwisha kufutwa. Nilimuuliza wana nafasi gani ya kazi. Akasema hawana. Nikamwambia hapo tunaelewana kabisa, kwa kuwa kazi ninayoitaka haijakuwapo bado.

Akaweka kijiko chini.

Wazo lilinijia palepale, likiwa zima, kama yai. Kocha wa akili. Timu kubwa zote zinaye. Kazi ya kukaa na kuzungumza. Haina kukimbia, haina vifaa, na hakuna mizani ya kuipimia.

Mzee Guha akauliza nimesomea wapi mambo ya akili. Nikasema maishani. Akaitazama supu yake ikipoa, akaniagizia na mimi bakuli. Kisha akanieleza habari za mpigaji wao wa kwanza, Tapas Maity, karani wa benki mwenye miaka ishirini na sita. Kipaji kuliko wote klabuni. Mazoezini anapiga mipira hadi taa za barabarani zinamwogopa. Siku ya mechi anaingia, anatoka bila mkimbio, yaani bila alama hata moja. Sifuri. Mechi nne mfululizo, sifuri. Nikimponya kabla ya mechi ya Jumapili ya tarehe kumi na nne, mimi na katibu tutakuwa na la kuzungumza.

Nikauliza, na nisipomponya?

"Leo umekunywa supu bure, Tarafdar," akasema. "Hiyo hakuna atakayekunyang'anya."

Supu nzuri. Ilipungukiwa pilipili manga. Nilimwambia.

Jumamosi, 6 Januari

Nilimwambia Montu Kundu, jirani yetu wa chini. Nilimwambia ili aone wivu. Aliona. Ubaya wa wivu wa Montu ni kwamba una miguu.

Kufikia jioni alikuwa amekwisha kwenda Maidani na kurudi. Amemweleza Mzee Guha kwamba matatizo ya Tapas hayako akilini, yako kwenye nyota. Mirihi imekaa vibaya. Montu amevaa pete za mawe vidole sita na anajiita mjuzi wa sayari, ingawa mimi najua kazi yake ni kuuza bima, na kuuza kwenyewe hauzi. Kamba yangu ya kuanikia nguo juu ya paa anaitumia kama ya mama yake. Sasa anataka na kazi yangu.

Mzee Guha ametukubali sote wawili. Amesema maadamu hakuna anayelipwa, wajaribu hata kumi.

Sina wasiwasi. Sayari ziko mbali. Mimi napanda tramu tu, nafika.

Jumanne, 9 Januari

Kikao cha kwanza na Tapas, nyuma ya hema, baada ya kazi yake ya benki. Kijana mrefu, mpole, shati limechomekwa vizuri. Kila ninalosema anajibu "ndiyo, kaka". Mteja wa namna hii ni baraka.

Nilimuuliza ni nini hasa kinamjia kichwani anapoingia uwanjani siku ya mechi. Akasita. Akaangalia viatu. Akasema, "Kaka, kwa kweli ni baba yangu, yeye huwa…" Nikamkatiza kwa upole. Nikamweleza kwamba katika elimu ya akili, mambo ya wazazi hayaguswi kabla ya wiki ya tatu. Ukianza na baba, utamalizia na nani?

Badala yake nimemfundisha Pumzi ya Tembo. Ni njia yangu mwenyewe, niliibuni kwenye tramu. Unaziba pua upande mmoja, unavuta hewa ukihesabu hadi ishirini, unaishikilia, huku ukijifikiria una masikio makubwa. Tapas alifika kumi na sita, akakaa chini ghafla, rangi imemtoka. Dalili njema. Hofu ilikuwa inatoka.

Alhamisi, 11 Januari

Montu ameleta pete. Marijani nyekundu, kubwa kama punje ya hindi. Ameivika kidole cha Tapas wakati mimi nimekwenda kununua chai. Inambana ndani ya glavu, kidole kimevimba. Nilisema mbele ya wote kwamba mpigaji asiyeweza kukunja kidole hashiki gongo. Montu akasema mpigaji aliyezimia hashiki gongo pia. Wachezaji walicheka. Walicheka upande wangu, nadhani.

Tapas alitaka kuniambia jambo tena. Lilianza na neno baba. Nikamkumbusha: wiki ya tatu.

Jumapili, 14 Januari

Ushindi. Ngoja niandike kwa utulivu.

Nilifika mapema nikiwa na sweta mbili. Ukungu ulikuwa haujainuka, wachezaji walikuwa wanaonekana kuanzia kiunoni. Pale karibu na mstari wa mpaka, mahali pekee penye jua, alikuwa amekaa mzee mnene kwenye kiti cha kukunja. Shali, chupa ya chai, kofia ya sufu kama yangu. Nikasogeza kiti changu kwenye jua lake.

Kumbe ni Mzee Nakul Maity, baba yake Tapas. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye reli hadi alipostaafu, na sauti yake bado iko kazini. Mchezo haujaanza, ameshapiga kelele: "Tapas! Mguu wa kushoto! Mguu wa kushoto nimesema, wewe ng'ombe!" Kunguru waliondoka mtini. Tapas, kule mbali, alijikunja kama karatasi.

Nilitaka kumwashiria Pumzi ya Tembo. Lakini mzee akanigeukia, akanimiminia chai, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema sisi asili yetu Barisal, upande wa mashariki, babu alivuka mpaka na godoro na sufuria.

"Aha," akasema. "Basi nyinyi ndio mnaosema ilish ni samaki."

Nimevumilia mengi maishani. Hilo sikuweza. Nilimuuliza kwa heshima kama si samaki ni nini. Akasema ni pochi ya mifupa yenye mafuta. Akasema mtu mstaarabu hula kamba wakubwa waliopikwa kwa tui. Nikamjibu kwamba kamba si samaki, ni mdudu anayejua kuogelea. Akaweka kikombe chini. Akavuta kiti.

Basi tukaanza. Yeye ni mtu wa Medinipur, na watu wa huko hutia sukari hata kwenye dengu. Hilo nalo nililitaja. Akasema sisi wa mashariki hutia pilipili kwa sababu hatuna hakika kama chakula kimeiva. Nikamweleza haradali inavyosagwa. Akasema anajua haradali inavyosagwa, mama yake alikuwa akisaga haradali kabla babu yangu hajajua mpaka uko wapi. Watu wakageuka kututazama. Hatukujali. Jua lilipanda, likatupita, tukabaki kivulini bila kujua.

Niliposikia makofi nikageuka. Tapas alikuwa anatoka uwanjani, gongo limeinuliwa juu. Mikimbio sabini na moja. Nabin Bandhu wameshinda kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Mimi nilikuwa nimeona labda mipira mitatu. Lakini mganga hahitaji kutazama dawa ikishuka tumboni.

Nilikimbilia hemani kueleza Pumzi ya Tembo. Montu alikuwa ameshatangulia, ameushika mkono wa Tapas juu kama mwamuzi wa ndondi, anawaonyesha watu pete. Tulisukumana kidogo. Mzee Guha hakutuangalia. Alikuwa mlangoni, anamtazama Mzee Maity, ambaye bado alikuwa anapiga paja lake akimweleza mtu wa chai, asiyeuliza, habari za kamba.

Jumatatu, 15 Januari

Sankranti, sikukuu ya mavuno. Shefali amepika vitumbua vya nazi na sukari guru mpya ya mtende. Amepika vingi, vingine amevifunga kwenye jani nipeleke hemani. Nilimsikia jikoni akizungumza na baba yake kwenye simu. Alisema, "Amepata, Baba. Nadhani safari hii amepata." Kisha akaimba kidogo. Sijamsikia akiimba tangu Oktoba.

Nilikula vitumbua saba. Vya hemani viliingia humo.

Jumanne, 16 Januari

Mzee Guha ameniita. Nilikwenda na shati la harusini.

Amenipa kazi. Lakini ni kazi gani! Nitaandika alivyosema, ili historia imhukumu.

Alisema mchana mzima wa Jumapili, Nakul Maity hakumpigia mwanawe kelele hata mara moja tangu mimi na yeye tuanze kubishana. Alisema hilo halijatokea tangu Tapas ashike gongo. Wamewahi kumwomba asije, anakuja. Wamewahi kumweka mbali, sauti inafika. Sasa klabu ingependa nije kila mechi, nikae naye, nibishane naye. Siku za kawaida niangalie chakula cha wachezaji, maana nimeonekana nina maoni kuhusu supu. Mshahara si mkubwa, lakini upo, na ni wa kila mwezi. Kuingia saa tatu, kutoka saa kumi na moja. Cheo: msaidizi wa hema.

"Na Pumzi ya Tembo?" nikauliza.

"Tarafdar," akasema, "kaa na mzee. Bishana. Basi."

Nilinyoosha kola ya shati kwa hadhi. Nilielewa mara moja. Hii ni mbinu ya zamani ya waajiri: wanaona kipaji, wanaogopa bei yake, wanakupa cheo kidogo. Mtu aliyemtoa Tapas Maity kwenye sifuri hadi sabini na moja, leo aambiwe apige soga na wastaafu na kuhesabu mkate! Nikamwambia nahitaji siku chache za kutafakari. Akasema nitafakari upesi, kwa sababu Kundu naye amekuja asubuhi, na Kundu hatafakari.

Sijali. Wanasema hivyo ili kukutisha.

Jumatano, 17 Januari

Nimemweleza Shefali. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema, "Chukua."

Nikamfafanulia kuhusu cheo. Akauliza kama ina saa ya kuingia na saa ya kutoka. Nikakiri kwamba inazo. Akauliza kama ni kwenye kriketi. Nikakiri kwamba, kwa maana finyu, ndiyo. Akasema, "Wanataka kukulipa ukae juani na ubishane kuhusu samaki. Bwana we, duniani kuna kazi moja tu kama hiyo, na imekujia wewe. Chukua."

Nilimpenda sana wakati ule. Lakini mwanamke anayefundisha darasa la pili hawezi kuona mbali kama mtu anayefikiri. Nikamwambia Jumapili hii nitawathibitishia. Sitakaa karibu na mzee. Nitafanya kazi ya akili peke yake, waone tofauti, na Jumatatu watanipa Ukurugenzi wa Akili. Alirudi kwenye madaftari. Alitia mstari mmoja mwekundu mrefu sana. Masikini mtoto huyo, sijui alikosea nini.

Ijumaa, 19 Januari

Kikao cha mwisho na Tapas. Nimebuni ishara, kwa kuwa uwanjani hatanisikia. Nikishika sikio: vuta pumzi. Nikivua kofia: wewe ni mlima. Nikizungusha mikono yote miwili: sahau yaliyopita. Akauliza kwa adabu kama Jumapili nitakaa na baba yake. Alikuwa na wasiwasi kweli, nikaona jinsi alivyo mwana mwema, hataki mzee wake awe mpweke. Nikamwambia asijisumbue, baba yake ni mtu mzima.

Akasema, "Ndiyo, kaka," kwa sauti ndogo kuliko zote.

Jumapili, 21 Januari

Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Naanza na hilo kwa sababu watu watalisahau. Ukungu mzito, mpira unayumba.

Mzee Maity alikuwa ameniwekea kiti. Amekileta mwenyewe kutoka nyumbani, pamoja na karatasi iliyoandikwa hoja zake mpya kuhusu kamba. Nilimwambia leo nina kazi. Alisononeka. Nikaenda zangu ng'ambo ya pili, nikasimama mbele ya lile pazia kubwa jeupe lililoko nyuma ya mrushaji. Nilipachagua kwa akili: mpigaji lazima aangalie upande ule, kwa hiyo lazima anione.

Sikujua pazia lile limewekwa pale ili mpigaji auone mpira. Hakuna aliyeniambia. Tapas aliinua mkono, mchezo ukasimamishwa. Mwamuzi akanipungia niondoke. Nilidhani ananisalimia, nikavua kofia. Tapas, akijitahidi kunitii, akawa mlima. Mwamuzi akaja mwenyewe, kwa miguu, umbali wote ule, akaniambia maneno ambayo mtu mwenye koti jeupe hapaswi kuyajua. Nikasogea kidogo. Sasa nilikuwa nusu kwenye pazia, nusu nje. Mrushaji akakimbia. Nikashika sikio. Tapas akavuta pumzi. Wakati huohuo kutoka ng'ambo, mzee, ambaye hakuwa na mtu wa kubishana naye, akaachia sauti ya jukwaa namba tisa la stesheni: "Mguu wa kushoto!"

Tapas alikuwa ameziba pua kwa glavu moja. Vijiti vyote vitatu alivyopaswa kuvilinda viling'oka.

Mpira wa kwanza. Sifuri.

Alinipita akitoka. Nilimwambia kosa lilikuwa kwenye kuhesabu. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyechoka, si mwenye hasira, na hilo lilinikaa kifuani kwa muda. Labda ni vile vitumbua.

Nilipogeuka nikamwona Montu. Amekaa kwenye kiti changu. Anakunywa chai yangu. Mzee anaongea, Montu anatikisa kichwa. Mzee Guha amesimama nyuma yao, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa na uso wa mtu ambaye treni yake imetangazwa.

Kufikia jioni Montu alikuwa msaidizi wa hema. Nabin Bandhu walifungwa, lakini mbona kila mtu anasema hilo kana kwamba ni jambo moja na mimi?

Jumatatu, 22 Januari

Shefali alimpigia baba yake mwenyewe. Alizungumza akiwa amegeukia dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Mafua, msimu huu yanawapata wengi. Nilimwambia aoge maji ya moto. Akasema atafanya hivyo.

Nimeanza kwenye miavuli. Kwa muda. Baba mkwe amenipa koleo ndogo na rundo la mbavu zilizopinda. Saa nne asubuhi nilimweleza jinsi ya kupanga upya duka zima. Saa nne na robo alinihamishia meza ya nyuma.

Montu alipita mbele ya duka makusudi, amevaa kofia yenye nembo ya klabu. Nilimsalimia kama unavyomsalimia mtu uliyemwachia makombo.

Alhamisi, 25 Januari

Duka limefungwa leo. Nilikutana na mtu wa chai wa Maidani sokoni. Anasema Montu hajui kazi. Lolote asemalo mzee, Montu anasema "kweli kabisa, Mzee". Kamba ni bora? Kweli kabisa. Sukari kwenye dengu? Kweli kabisa. Juzi, siku ya mazoezi, mzee alimvumilia kwa muda mfupi, akamwita godoro, akarudi kumkaripia mwanawe.

Sikufurahi. Nilinunua bilinganya nzuri tu, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, 28 Januari

Siku ya mechi, na mimi niko dukani. Nilikuwa nimepanga kuomba ruhusa ya nusu siku nikaangalie maendeleo ya Tapas kutoka mbali, nyuma ya mti. Nilikuwa nimekwisha kuvaa sweta ya pili. Ndipo akaingia Mzee Nakul Maity.

Alikuwa na mwavuli mkononi. Akasema umeharibika. Niliufungua, ukafunguka. Niliufunga, ukafungika. Nikamwambia hauna kasoro yoyote. Akasema fundi asiyeona kasoro ndiye huyohuyo asiyejua samaki. Akavuta kiti cha wateja, akakikalia, akatoa karatasi mfukoni.

Nikamwambia Mzee, leo kuna mechi, mwanao anacheza. Akasema anajua. Akasema alielekea Maidani asubuhi, akamwona yule godoro anamsubiri na chai, akageuza njia. Kisha akasoma hoja ya kwanza. Ilikuwa ya uwongo mtupu. Ilihusu mayai ya ilish. Mtu mwenye damu ya Barisal angefanya nini? Nikavua sweta.

Tulikula mchana palepale. Shefali alileta wali na dengu, akamkuta mzee, akamwongezea sahani. Mzee akaonja dengu, akasema haina sukari. Nikasema alhamdulillahi, kama wasemavyo majirani zetu. Shefali alisimama mlangoni kwa muda, anatuangalia, kitambaa kimefunika mdomo, mabega yanatikisika. Yale mafua bado hayajaisha. Baba mkwe naye akatoka kwenye kiti chake cha kupokelea pesa kuja kututuliza, akaishia kutetea kambare, ambaye hakuna mtu aliyemtaja. Wateja waliingia kutazama ugomvi, wakatoka na miavuli. Januari. Baba mkwe amesema Jumapili ijayo nikae meza ya mbele.

Magharibi ilipoingia, mzee alikunja karatasi, akasema bado hajanimaliza, akaondoka bila mwavuli wake.

Sasa habari kubwa. Mtoto wa duka la jirani ametoka Maidani. Tapas Maity amepiga mikimbio mia moja na kumi na mbili, na hakutolewa. Wanasema hajawahi kuonekana ametulia vile. Alikuwa anacheka uwanjani.

Mia moja na kumi na mbili! Kwa hiyo ndivyo ilivyo: Pumzi ya Tembo haiponyi siku ileile, inafanya kazi taratibu, kama mbolea. Nimekaa hapa nimejaa fahari na uchungu pamoja. Fahari, kwa sababu njia yangu imethibitika. Uchungu, kwa sababu sikuiona kwa macho yangu, na sikuiona kwa kuwa mzee mmoja asiye na shughuli alinikalia mchana kutwa kwa habari za samaki.

Mzee Guha amepiga simu sasa hivi. Sauti yake ilikuwa ya heshima kuliko zamani. Nilisubiri aombe radhi na kutaja Ukurugenzi. Hakutaja. Aliuliza tu kama Nakul Maity atakuja dukani Jumapili ijayo pia, na kama kuna lolote klabu inaweza kufanya ili aje, hata kumlipia tramu, hata kunilipa mimi.

Nimemjibu kwa ufupi kwamba mambo ya yule mzee siyajui na hayanihusu. Mimi ni mtu wa kriketi.